Mnyororo wa Kwenye Kabati la Kioo

Verlene Tibbs alifukuzwa chuoni akiwa binti wa mwaka wa pili. Kosa lake: yeye na wenzake walijifungia kwa mnyororo ndani ya ofisi ya mkuu wa chuo, wakagoma kutoka mpaka wanafunzi weusi wapewe Nyumba yao, mahali pa kusomeshana na kula bila kukodolewa macho. Nyumba ilipatikana. Yeye akarudishwa kwao Alabama.

Leo, nywele zake zikiwa nyeupe pe, chuo kilekile kimemwita kumvisha nishani. Mnyororo wake wameuweka kwenye kabati la kioo, unafutwa vumbi kila wiki. Nyumba yenyewe inafungwa Jumatatu.

"Haifungwi, Bi Verlene," alisema Halvorsen, mkuu wa chuo wa sasa, akimshika kiwiko kama anavusha kikongwe barabara. "Inaunganishwa na Kituo cha Watu Wote."

"Kiko jengo gani?"

"Kwa sasa kiko mtandaoni."

Renita, mwenyekiti wa wanafunzi wa Nyumba, alisonya. "Shangazi, huyu anakuzika huku anakupigia makofi!"

"Tulia, mwanangu. Nishikie pai yangu."

Ilikuwa pai ya viazi vitamu, kubwa kama tairi.

Mpiga picha alitaka picha ya ofisini, kama ya zamani. Halvorsen akafungua kabati kwa mkono wake, akamkabidhi Verlene mnyororo. Wakaingia wanne, mlango ukarudishwa.

"Uzungushe kwenye vitasa, mama," alisema mpiga picha. "Na uso wa hasira kidogo."

"Huo ninao, sihitaji kuigiza."

Akauzungusha. Kisha akatoa kufuli mkobani. Ta!

"Hata kufuli!" Halvorsen alichekelea. "Hujasahau kitu!"

"Hata kimoja."

Picha ikapigwa. Halvorsen akatazama saa. Wafadhili walikuwa wakimsubiri mezani. "Haya, tufungue."

Verlene alikuwa amekwishakalia kiti cha mkuu, anavua viatu. "Renita, kata pai. Mkuu mpe kipande kinene, tutakaa sana."

"Bi Verlene, ufunguo uko wapi?"

"Nimeuacha kwenye Nyumba, mezani. Tangaza kwamba haifungwi, Jumatatu wala siku nyingine, mtu ataenda kukuletea."

Halvorsen akaupigia mlango kelele na kuubamiza kwa ngumi. Huko ukumbini wageni waliusikia ule mshindo, wakadhani ni maigizo, wakasema kweli chuo hiki kinaijua historia yake, wakapiga makofi tena.