Kilio cha Mama Wanda

Mimi Gamaliel ni mwalimu wa kuchora, na kuchora, kwa maoni ya Prefe Kalala, ni kazi ya watoto wanaosubiri chakula kiive. Prefe ndiye mkuu wa koleji yetu, yaani sekondari, hapa Butembo. Alitumwa kutoka Kasai, akaja na saa ya mkononi iliyo mbele ya saa zetu zote kwa dakika kumi, na kwake sisi sote tumechelewa. Mwaka jana, mwezi wa nne, aliniita ofisini akaniambia vipindi vyangu vya kuchora atavipa informatique. Koleji ina kompyuta moja, na tangu ifike imefunikwa kitambaa. Nikamkumbusha. Akasema kitambaa kitatolewa.

"Mais nakupa chance moya," akaongeza. "Ile festival yako ya Wapolonais, kama salle yetu ya mikutano inajaa, unabakia na masaa yako. Kama hapana, c'est fini."

Tamasha hilo la filamu na sanaa ya Poland lilikuwa wazo la Madame Halina, Mpolandi anayefanya kazi na wakulima wa kakao kule Beni. Alikuwa na picha za rangi zilizochorwa na mama yake, Wanda, na filamu fupi inayomwonyesha mama huyo kazini. Shule mbili zilikuwa zimemkatalia. Mimi nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa, watu wa Butembo hawaachi biashara Jumamosi kwenda kutazama picha za ukutani. Kwa hiyo niliamua lango la koleji liwaite lenyewe. Nilikuza picha ya Mama Wanda ikawa na kimo cha mlango, chini yake nikaandika jina na miaka, 1938–2023, jinsi vitabu vya sanaa vinavyofanya. Nikaizungushia kitambaa cha zambarau cha kanisani, maana kingine hakikuwepo. Nikaagiza matawi ya mchikichi kutoka Beni, kwenye joto, yakaja juu ya pikipiki, nikayasimamisha pande zote mbili za lango. Nikapanga viti vya plastiki uani. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza kwa sauti.

Mjinga mimi! Mtoto yeyote wa Congo anajua matawi langoni, viti uani na picha ya bibi yenye miaka miwili chini yake vinasema nini. Nilisoma sanaa Kinshasa miaka mitano, na nadhani akili niliiacha huko.

Saa nane mchana wakaanza kuingia. Mbele alikuwa Mama Syauswa, kiongozi wa shirika, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wetu, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wanawake wengi wenye maharagwe, ndizi na masufuria, halafu wanaume waliovua kofia. Nilifurahi mno. Kuni nilidhani anakwenda kuziuza.

"Pole sana, mwalimu," Mama Syauswa akanishika mikono yote miwili. "Mbona hamukutuma mutu kutuambia? Na maiti iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lango langu lilikuwa limetangaza msiba. Nilitaka kusema ukweli, naapa. Lakini nilitupa jicho dirishani kwa Prefe, nikamwona akihesabu vichwa kwa kidole.

"Maiti ilibakia Ulaya," nikasema.

"Ulaya! Masikini. Basi tutamulilia hapa hapa."

Nikawaingiza ukumbini. Wanawake walikataa benchi, wakatandika mikeka, wakaketi chini. Wanaume walizunguka kuta. Mama Wanda alichora viazi maisha yake yote: viazi shambani, viazi guniani, viazi vitatu juu ya meza. Mzee Zacharie, mkulima wa Luofu, alisimama mbele ya hivyo vitatu hadi shingo ikamuuma.

"Huyu mama alilima kweli," akatoa hukumu. "Angalia hii ya katikati. Iko na ugonjwa."

Madame Halina akafika kutoka Beni, vumbi hadi kwenye nyusi, akaona umati, akaziba mdomo. Aliniuliza kwa Kifaransa kama wote hao wamekuja kwa ajili ya mama yake. Nikasema ndiyo, na huo haukuwa uongo. Akauliza kuni ni za nini. Nikasema ni desturi ya tamasha, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Tulifunika madirisha, tukawasha jenereta. Katika filamu bibi anachimba viazi, anaosha kimoja, anaketi, anakichora. Mwishoni anageuka, anacheka kwa meno yaliyobaki, anasema neno moja la Kipolandi. Mama Syauswa akapiga ukelele, na ukumbi mzima ukampokea. Hata jenereta haikusikika.

"Mwenye kilio ni nani?" akauliza Mama Syauswa.

Mimi, mwoga niliyekubuhu, nikanyoosha kidole. Wakamchukua Madame Halina, wakamketisha mkekani, wakamfunga kitenge kichwani. Akanitazama. Ikabidi nichuchumae mbele yake nimweleze yote: lango, matawi, kuni. Nikaomba msamaha na kusubiri kofi.

Akaniambia kwamba mama yake alipokufa, ndege ya Beni haikuruka siku tatu. Alipofika nyumbani walikuwa wamezika. Watu walimpa kadi, na Jumatatu akarudi kazini.

"Hakuna aliyewahi kuniketisha chini," akasema.

Ndipo akalia, kilio chenyewe, na wanawake wakamshikilia. Mimi niliona aibu, nikaona na wivu kidogo.

Prefe akaingia na hotuba yake ya ushirikiano mkononi. Akasimama mlangoni. Akaikunja hotuba, akapangusa macho kwayo, kisha akanivuta pembeni.

"Gamaliel, salle imejaa. Mais hii hapana festival, ni kilio. Masaa yako inaenda."

Kumbe Mama Syauswa alikuwa nyuma yetu.

"Mwalimu, weye unaweza fundisha mutu muzima kuchora?"

"Kwa nini, mama?"

"Mama yangu alikufa wakati ya vita. Hapana photo hata moya. Bajukulu yangu habamujue." Akageuka kwa Prefe. "Nikuye kujifunza siku gani?"

Prefe alitazama saa yake kwa muda mrefu, saa isiyosema kweli.

"Lundi, saa tatu," akasema hatimaye. "Njo saa ya dessin." Dessin ni kuchora, kwa hiyo vipindi vyangu vilikuwa vimepona.

Jumatatu Mama Syauswa aliketi kati ya watoto wa mwaka wa tatu, mkoba magotini, akiwakemea waliopiga kelele. Alichora, akafuta, akachora, hadi karatasi ikatoboka. Nikampa nyingine. Kipindi kilipokwisha kulikuwa na mikono miwili tu, inamenya kiazi.

"Sura imenikimbia," akasema taratibu. "Mikono njo naikumbuka."

Prefe alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba nimeanza kwa saa yake. Alisimama nyuma ya Mama Syauswa, akaitazama ile mikono. Kisha akavuta benchi, akaketi kando yake, akaniomba kalamu.