Vumbi la Maharusi

Vumbi lilipanda kwenye mwali wa jua, likazunguka, likacheza, likashuka taratibu kama mgeni mwenye adabu, likatua juu ya sinia la maembe ya achari ya Bi Mwanakuu.

"Chirau! Macho umeyaweka wapi? Siku tatu nayaanika, leo ya nne wayatilia mchanga!"

"Si mchanga, Bi Mwanakuu. Ni vumbi tu la gari."

"La gari ndilo tamu? Yalambe basi nione!"

Madirisha ya mtaa wa Kibokoni yakafunguka moja baada ya jingine, maana kwa ugomvi kichochoro hiki hakihitaji mpiga mbiu. Faraj, mshona kanzu, akasimamisha cherehani yake barazani, akatia chumvi palipo kidonda: "Muulize na hili, Bi. Biharusi wa leo atakaangwa au atachemshwa?"

Watu wakacheka. Chirau hakucheka. Vumbi la Kibokoni halina siri, na siri ya Chirau ilikuwa imeruka zamani.

Mwaka jana, joto la kaskazi kama hii, alimpeleka biharusi Bondeni kwa gari lake hili hili la kukodi. Vioo vyote juu, kwa kuwa biharusi hachunguliwi njiani kama papai la gengeni. Na kiyoyozi kikapumua pumzi ya mzee apandaye ngazi. Wanja ukashuka mashavuni. Poda ikawa uji. Mtoto wa watu akafika kwa mumewe kama atokaye matangani. Tangu siku hiyo gari likapewa jina: Sufuria.

Na leo ni zamu ya Afaf, mjukuu wa Bi Mwanakuu. Afaf ambaye Chirau alimpeleka chuoni kusoma Kurani tangu miguu yake ikining'inia kitini. Afaf aliyemwambia, na meno mawili ya mbele hana, "Siku ya harusi yangu, Mjomba Chirau, utanipeleka wewe." Neno la mtoto, husema watu, ni povu. Chirau alilichukua, akaliweka pahali pasipo upepo, miaka kumi na mitano.

Lakini Bi Mwanakuu ameshakata shauri: adhana ya alasiri ikikuta gari bado Sufuria, atamwita Ziad wa Tononoka na gari lake jipya.

"Bibi! La Ziad sipandi mimi!" sauti ikatoka dirisha la juu.

"Wewe nyamaza, hina haijakauka!"

Ewe gari, una nini? Tangu asubuhi Chirau anakubembeleza. Amefunua boneti, akashika mrija, akaukuta baridi, unatoka jasho kama gilasi ya sharubati. Baridi ipo, basi. Baridi imezaliwa, haina njia ya kutokea. Ndipo akaing'oa droo ya mbele ya abiria, akatia mkono gizani, akavuta chujio la hewa: karatasi ya mikunjo kama marinda, nyeupe ilipokuwa mpya, sasa nyeusi kama chungu cha mekoni. Akaligonga ukutani. Mengine mnayajua.

"Nipe!" Bi Mwanakuu akalipokonya, aende nalo jaani. Hatua moja. Mbili. Akasimama. Akalileta puani.

Udi.

Udi wa juzi juu ya udi wa juzi ile. Na katika mikunjo, asumini zilizokauka, jani la rehani, uzi wa kikuba cha maua. Maharusi wote wa mtaa walikuwa mle, wamelala safu kwa safu.

Sasa, jamani, kila harusi nani huingiza chetezo cha udi garini kabla ya biharusi kupanda? Nani husema, "Washa feni, Chirau, ufike mpaka kwenye mifupa"? Mtaa wote wajua. Chirau ajua kuliko wote. Akainama, akajishughulisha na parafujo ambayo ilikuwa imekaza kitambo.

Faraj akakohoa. Kikohozi kirefu, chenye maneno ndani yake.

"Kohoa wewe, upasuke!" Kisha mabega ya Bi Mwanakuu yakaanza kutikisika, bangili zikalia, na kicheko kikamtoka kama maji ya birika. "Kumbe gari nimelipa pumu mimi mwenyewe!"

"Kesho nitatia chujio jipya," Chirau akasema polepole. "Leo gari litapumua pua wazi."

Akarudisha droo. Akawasha injini, akafunga vioo, akangoja. Akamfungulia Bi Mwanakuu mlango. Bibi akatia mkono, na vinyweleo vikasimama mpaka kwenye kiwiko.

"Lo! Afaf! Tafuta shali, mwanangu, utaganda!"

Vigelegele vikashuka kutoka dirisha la juu, vikapokewa la pili, vikafika kona. Alasiri ikaadhiniwa, na Ziad hakuitwa na mtu.

Chirau akakung'uta mikono. Vumbi likapanda tena kwenye ule mwali wa jua, sasa la dhahabu, linanukia udi, kana kwamba maharusi wa miaka yote wameinuka kumsindikiza mwenzao. Vumbi la Kibokoni halina siri. Likatua tena juu ya maembe, na safari hii Bi Mwanakuu akalitazama tu.

"Wasimama nini hapo kama mgeni?" akamwambia, akibeba sinia lake. "Nawa, uingie ukumbini. Pilau iko tayari, na achari ya leo imefukizwa. Karibu ule, Chirau."