Pipa Lililojifanya Limesimama

Kobe walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuharakisha kitu. Ndiyo maana wenzake walipigwa na butwaa asubuhi ile, walipomkuta ameshafika kiwanda cha kufulia, anazunguka mashine kubwa ya kukamulia mashuka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Leo kobe ameota mbawa," mmoja akasema.

Macho yake yalikuwa kwenye kihisi kipya, kifaa cha kutambua mwendo, alichokifunga fundi umeme. Ni yeye Kobe aliyemganda msimamizi kama kupe mpaka kikaletwa.

Mashine hiyo ukiizima, pipa lake huendelea kuzunguka kwa kitambo. Wanawake wa pale hawakuwa na muda wa kulibembeleza. Walifunua kifuniko na kukandamiza taulo lililolowa kwenye ukingo wa pipa mpaka pipa lichoke kuzunguka. Bingwa wao alikuwa shangazi yake Kobe, aliyemlea tangu mdogo, wakamwita Mama Breki. Juzi juzi pipa lilinyakua taulo, mkono nusura ulifuate. Shangazi alicheka hadi machozi. Kobe usingizi ulimruka.

Sasa kihisi kilikuwa kikisoma meno ya gurudumu linalozungusha pipa. Meno yakipita, taa huwa nyekundu na komeo la kifuniko hushika. Yakitulia kabisa, taa hugeuka kijani, komeo likaachia.

"Tunakijaribu leo tu," msimamizi alionya. "Kikituchelewesha, kinang'olewa."

Shangazi akajaza mashuka, akawasha. Mashine zote zilikuwa zikinguruma, sakafu inatetemeka, huwezi kusikia ipi ni ipi. Alipozima, akajishika kiuno na kuchungulia kwenye kioo cha kifuniko. Vitundu vya pipa vikaonekana vinapunguza mwendo, vikarudi nyuma kidogo kidogo, kisha vikatulia tuli.

Taa ilibaki nyekundu.

"Mwanangu, hiki kifaa chako kimelala."

"Kingoje, shangazi."

"Nikingoje mpaka kiote ndevu? Fundi, lete bisibisi."

Fundi alikuna kichwa. "Labda nimekikaza vibaya."

"Hata kipofu angeona limesimama," msimamizi akasema. "Fungua tuendelee."

"Mama Breki kapata mume asiyesikia la mtu," sauti ikatoka nyuma, wakaangua kicheko.

Shangazi akaingiza bisibisi kwenye komeo. Kobe akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Vitundu vilikuwa vimesimama, kweli. Lakini mashuka yaliyoonekana ndani ya pipa hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Yalikuwa laini kama maziwa bakulini. Shuka gani lililokamuliwa lisiwe na mkunjo? Akainua macho kwenye zile taa ndefu za dari. Chini ya taa hizo hizo, mara ngapi alikwisha kuiona feni ikijifanya inarudi nyuma?

Kobe akaruka. Aliwapiga watu vikumbo, akazima taa za dari, akasukuma madirisha, jua likamwagika ndani.

Vitundu vikatoweka. Ndani ya kioo palikuwa na ukungu wa kijivu unaozunguka kwa kasi ya kutisha.

Kicheko kilikatika. Shangazi aliichomoa bisibisi polepole, akaficha mkono kwapani kama aliyeungua.

"Linakimbia," akasema.

"Ni taa za dari," fundi akasema, maneno yakimgongana mdomoni. "Zinapepesa upesi mno, jicho halioni. Kila zikiwaka, kitundu kimefika pale pale kilipokuwa kingine. Kihisi hakitazami taa, kinahesabu meno."

Walijazana mbele ya kioo, wakasukumana kama wanatazama mpira. Ukungu ukawa mistari, mistari ikawa vitundu, mikunjo ikajitokeza mmoja mmoja. Pipa likayumba, likasimama. Taa ya kijani. Ko! Komeo likaachia, na wote wakapiga makofi bila kuambiwa.

Shangazi akafunua kifuniko mwenyewe, akalishika pipa kwa kiganja kizima, akaliacha pale.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "ile mashine ya pili unaifungia kihisi leo, au leo?"

Fundi akamtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa bado anajipangusa shingo.

"Leo," akasema.

"Basi washeni taa. Kobe, mwanangu, leta mashuka mengine, nataka kuliona linavyodanganya." Akavuta kiti mbele ya kioo, akaketi, mikono miwili mapajani.