Shemeji wa Mtaa Mzima

Mtaa mzima ulimwita shemeji, na hilo ndilo lililomnyima raha Fundi Feni tangu siku ya kwanza. Yeye alioa binti mmoja tu wa mji ule. Hawa wengine, kuanzia muuza mkaa mpaka mwalimu mstaafu, ushemeji waliupata wapi? Mtu humjui, hujawahi kula naye, anakushika mkono njiani na kukuuliza umeamkaje, nyumbani wameamkaje, kazi imeamkaje! Fundi alijibu "salama" huku mkono mwingine ukiwa mfukoni, umeshikilia simu.

Tusimlaumu sana. Kwao, mji wa milimani wenye baridi na maghorofa, mtu akikuchekea bila sababu unakagua mifuko yako. Majirani huishi mlango kwa mlango mpaka wakazeeka, na kila mmoja humjua mwenzake kwa kikohozi tu. Ukikutana na mtu kwenye ngazi unatazama viatu vyako, naye anatazama vyake, mnapishana kwa amani. Wao huiita heshima.

Mkewe aliivumilia heshima hiyo miaka mingi. Aliumwa humo, akalazwa, akarudi, na hakuna aliyebisha hodi. Mwisho akasema, "Mume wangu, kwenu nimekaa nikachoka. Sasa twende kwetu tukazeekee huko." Fundi alikubali, tena kwa kiapo, maana alimpenda mkewe kwelikweli. Lakini moyo wake haukuapa. Hata mizigo haijafunguliwa yote, akaanza kumfuata dalali mmoja upande wa pili wa mji, kulikokuwa kunajengwa nyumba zenye ukuta mrefu na geti moja, mahali ambapo mtu angeishi bila kuwa shemeji wa yeyote. Mkewe angeambiwa siku ufunguo ukiwa mkononi na mambo yamekwisha.

Kazi ilikuwa kutoka mtaani. Pale kwenye kona aliketi Bi Habari, mama mtu mzima aliyeuza nyanya na vitunguu. Jina hilo alipewa kwa sababu habari moja kwake haikutosha.

"Shemeji! Unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Kwao Fundi, swali kama hilo huulizwa na polisi. Akatafuta haraka neno la kumfunga mdomo.

"Hospitali."

"Jamani! Nani anaumwa?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Ndani," alisema Fundi, akaongeza mwendo.

Milimani ukitaja hospitali watu hukupisha, kila mmoja akashika njia yake. Alipoona Bi Habari amenyamaza, Fundi akajipongeza. Basi ikawa ndiyo nauli yake: kila akienda kwa dalali, akiulizwa, hospitali.

Haukupita muda mambo yakaanza kubadilika, na machale yakamcheza. Akipita, watu waliokuwa wakiongea walishusha sauti. Seremala, ambaye karakana yake ilipakana na ya Fundi, alianza kuja kumbebea mafriji mabovu bila kuombwa. "Acha shemeji, hilo niachie mimi," huku macho yakizunguka kwenye vifaa. Anahesabu nini huyu? Asubuhi moja Fundi alikuta mlangoni sufuria ya supu, bado ya moto, na hakuna aliyejitokeza kusema ni yake. Akaimwaga nyuma ya nyumba, akaosha mikono mara mbili. Kesho yake akakuta nyingine, kubwa zaidi.

Lililomkata maini ni mkewe. Zamani alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka anashika mbavu. Sasa alimtazama mumewe akila, akimtazama hata akifunga kamba za viatu, na akiulizwa kuna nini alisema hamna kitu. Siku moja Fundi alimwona amesimama na Bi Habari, wameinamiana, na walipomwona wakaachana kama watu waliofumaniwa.

"Wameshamgeuza," Fundi alijisemea. "Wamemteka mke wangu kwa salamu."

Basi akamkaba dalali koo mpaka kikaeleweka. Siku alipokabidhiwa ufunguo hakusubiri hata chai. Alirudi mapema, mfuko umetuna, moyo mwepesi, akakata kona ya karakana yake, na macho yakamtoka.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo Seremala, amepiga goti kando ya meza ya kazi, anavuta futi. Bi Habari ameshika ncha ya pili. Na mkewe, mkewe wa ndoa, amesimama katikati akiwaonyesha kwa mkono: hapa, mpaka hapa.

"Mnagawana?" Fundi alifoka. "Mnagawana vitu vyangu na mimi ni mzima? Nilijua! Supu zenu, shemeji zenu, nilijua mna lenu!"

Futi ikajirudisha yenyewe. Seremala aliinuka polepole, akajifuta magoti.

"Shemeji, tunapima kiti," alisema. "Cha kuegemea, kinachofika sawa na meza yako. Tulisema mtu wa hospitali kila mara haifai ainame kutwa nzima. Tulitaka ukikute tu, usije ukaona haya."

Mkewe alikuwa ameshamfikia, amemshika mikono yote miwili.

"Niambie basi, baba. Mimi nimechoka kungoja. Bi Habari alisema nisikubane, utasema mwenyewe. Ni moyo? Ni figo? Usiku nasikiliza unavyopumua mpaka kunakucha."

Aibu ilimpanda Fundi kuanzia miguuni. Kumbe jicho lile lilikuwa la kumlilia.

"Siumwi," alisema. "Sijawahi kuumwa."

Bi Habari akapiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani. "Shemeji mzima! Jamani, shemeji mzima!" Seremala alicheka, akampiga bega, akasema kiti hakivunjwi ng'o, atakikalia na uzima wake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini aliwadanganya. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hila usoni mwao kama alivyozoea, na safari hii alitamani aione.

Ni mkewe peke yake ambaye hakucheka. Aliiachia ile mikono.

"Kama huumwi, siku zote hizo ulikuwa unakwenda wapi?"

Fundi akautoa ufunguo, akasema yote: dalali, ukuta mrefu, geti. Kadiri alivyosema ndivyo kelele za furaha zilivyopungua, mpaka akajikuta akiongea peke yake. Watu waliaga kwa upole, mmoja baada ya mwingine, na Bi Habari akakumbuka nyanya zake.

Nyumbani mkewe hakugomba. Bora angegomba.

"Hawa hukuwaamini kwa sababu ni wageni kwako," alisema. "Haya, hilo nakuelewa, ndivyo mlivyolelewa. Mimi je? Kwenu nilikaa sina wa kuongea naye ila wewe. Nikitoka nakwambia naenda pale, na kweli nakwenda pale. Wewe umeniapia nikaamini, kumbe unatafuta geti."

Fundi aliomba radhi, akaomba tena. Alisema nyumba ile haitaki, hatahama, na hapo hakuwa akidanganya. Mkewe aliitikia "sawa" na kuendelea kukunja nguo.

Asubuhi Fundi alivaa mapema.

"Nakwenda kumrudishia dalali ufunguo," alisema. "Nikitoka huko narudi moja kwa moja."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mkewe alimtazama mdomo, kisha akamtazama mfuko.

"Nisubiri," alisema, "nivae viatu."