Inchi ya Mshono

Saa mbili na dakika tano asubuhi, kitanda kilikwama ndani ya nyumba namba tisa. Kichwa kiliegemea ukuta huu, miguu ikaegemea ule, na katikati kikabaki kinaning'inia kama daraja. Wabebaji wanne walikitazama, wakatazamana, wakacheka.

Mchora ramani hakucheka. Nyumba za ushirika alizichora yeye: nusu inajengwa sasa, nusu mwenyewe ataiongeza akijaliwa. Kiwanja ni cha wote, hakiuzwi. Nyumba unakaa mpaka ufe, kisha unamwachia mwanao. Kichumba cha kulala kilichorwa inchi sabini na tatu, na kitanda cha majaribio kilikuwa sabini na mbili. Kikienea, unapewa ufunguo. Ukuta ukiiacha ramani kwa zaidi ya nusu inchi, unabomolewa, na familia inarudi mkiani mwa foleni.

Kitanda kilitolewa, kikapelekwa namba kumi. Kikakwama tena.

Mwenye namba kumi na moja alianza kujifuta jasho. Yeye alikuwa fundi cherehani. Siku ya kujiandikisha karani alimuuliza, "Kazi?" Akajibu, "Fundi." Karani hakuuliza fundi wa nini, alimkabidhi mwiko. Naye hakumsahihisha, maana familia yenye fundi ilitangulizwa kujenga. Kupanga matofali alifundishwa na jirani. Kupima alipima mwenyewe, kwa futi yake ya kushonea.

"Wifi, mbona jasho?" dada wa mumewe alimnong'oneza. "Umeiba?"

"Inchi mbili."

"Basi si wizi, ni kionjo."

Kitanda kikaingizwa kiubavu mlangoni, kikageuzwa, kikashushwa. Tuli. Miguu yote minne sakafuni. Watu walishangilia kama timu imefunga, na mama mkwe, ambaye magoti yake humuuma kila mwezi isipokuwa siku za sherehe, akajirusha juu ya godoro.

"Kinanitosha," alisema. "Endeleeni na mambo yenu."

"Kimeingiaje?" mchora ramani aliuliza.

Fundi alimwona akifungua futi ya chuma, akajua maji yamefika shingoni.

"Niliongeza inchi," alisema. "Moja kila upande."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mkono, bwana. Nguo inaliwa na mshono. Ukikata kwa kipimo cha mwili, mteja haingii. Nilipiga chaki sabini na tano kabla sijakumbuka kwamba huu ni ukuta."

"Fundi wa nini wewe?"

"Wa magauni," alijibu mama mkwe kutoka kitandani. "Na suruali yako hiyo, ukitaka, akupunguzie."

Wabebaji walilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mwenyekiti wa ushirika, mama mnene asiyependa kelele, aliomba kuona ramani. Aliivuta karibu na macho, akaipitishia kidole, akauliza, "Hii sabini na tatu ni kabla ya plasta au baada?"

Mchora ramani aliinamia ramani yake kuisoma upya.

"Ni ya kulala mtu," alisema. "Baada."

"Na mafundi umewaambia?"

Hakuwa amewaambia. Walijenga sabini na tatu za matofali, kisha plasta ikala robo tatu ya inchi kila upande. Namba tisa ilipimwa: sabini na moja na nusu. Namba kumi, vivyo hivyo.

Wakarudi namba kumi na moja. Futi ilinyooshwa ukuta kwa ukuta, juu ya tumbo la mama mkwe.

"Usipumue, mama," alisema mchora ramani.

"Ningepumua vipi, na wewe umeniinamia?"

Sabini na tatu na nusu. Ramani imeachwa kwa nusu inchi, wala si zaidi.

"Wa magauni," mwenyekiti alisema, "utawapimia na wenye namba kumi na mbili."

Saa tatu na dakika arobaini alitia sahihi. Ufunguo ulipokelewa na mama mkwe, aliyekataa kushuka kitandani.