Chumvi ya Majani ya Janibichi

Mji wa Janibichi ulikuwa mwendo wa saa moja kwa garimoshi kutoka Harara, jiji lile kubwa lisilokuwa na mti hata wa kufungia mbuzi, na sifa yake ilikuwa moja tu, nayo ilitosha: majani. Barabara zake zote, tangu stesheni hadi mlimani kwa wakubwa, zilipangwa safu mbili za miti iliyokumbatiana juu, hata mgeni akipita chini yake akadhani yumo chumbani mwa tajiri. Kila nyumba ilikuwa na ua, kila ua ulikuwa na benchi, na kila benchi liliwekwa chini ya mti. Mabenchi hayo yalikuwa mapya miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyakalia.

Wenyewe walikuwa Harara. Waliondoka alfajiri kabla jogoo hajarudia kuwika, wakarejea giza limeshatanda, wakala, wakalala, wakaondoka tena. Siku ya mapumziko walilala kutwa, mapazia yamefungwa, wakiufidia usingizi wa juma zima. Walifanya kazi Harara ili wapate kuishi Janibichi, na kwa vile walifanya kazi Harara, nafasi ya kuishi Janibichi hawakuipata. Lakini huko jijini, wakati wa chai, ungewasikia wakijigamba kwa wenzao: sisi kwetu ni majani matupu, bwana, upepo wake unaunywa kama maji. Wenzao walimeza mate ya wivu, na wenye kujigamba wakarudi kazini wameridhika.

Mji ulitawaliwa na waheshimiwa saba walioitwa Wenye Vivuli, nao waliishi mlimani. Mkubwa wao alikuwa Mtukufu Kirumbo, mtu mnene wa shingo na mzito wa masikio, aliyependa maji kupita kiasi. Alianza yeye kukigeuza kijito kilichopita chini ya mji kikinywesha mizizi, akakipandisha kwa mabomba mpaka kwenye bwawa lake la samaki. Wenzake sita hawakukubali kupitwa. Kila mmoja akachimba lake. Misimu mitatu ya kiangazi ikapita, na miti ya Janibichi, mmoja baada ya mwingine, ikakauka imesimama.

Mtukufu Kirumbo alilia machozi ya kweli. Hakuililia miti, aliililia sifa, maana mji wa majani usio na majani ni nini kama si Harara ya mbali? Kurudisha kijito lilikuwa jambo lisilotajika mbele ya watu wenye samaki. Ndipo Baraza likapitisha kwamba majani yashonwe. Yakakatwa kwa kitambaa cheupe cha marekani, yakachovywa kwenye mapipa ya rangi ya kijani, na wanawake arobaini wakaajiriwa, kwa kiapo cha siri, kuyashonea matawini, tawi kwa tawi, wakati wenye mji wako kazini. Wenye mji waliporudi gizani na kusikia mchakacho wa majani juu ya vichwa vyao, walishusha pumzi na kusema: tumefika kwetu.

Na ili pasipatikane wa kuyashika majani akajua ni nguo, ikatungwa Sheria ya Kiganja. Kiganja cha kijani ni kiganja cha mwizi wa majani. Mwenye nacho atapandishwa garimoshi la kwanza kwenda Harara, wala asirudi. Kila alfajiri, pale stesheni, wananchi walipanga foleni na kunyosha viganja mbele ya Askari Mdoe, mtu mrefu, mwenye adabu, aliyeijua sheria hiyo moja na kuitumikia bila chuki wala upendeleo. Washonaji wenyewe walivaa glavu za Baraza, na ole wake aliyetobokewa na glavu.

Miongoni mwa washonaji hao hakuna aliyemfikia Siwema. Sindano yake ilipita mahali ambapo jicho halikuona, na jani alilolishona yeye halikugeuka mgongo hata upepo uvume vipi. Tena alikuwa na siri. Rangi ya Baraza haikuwa na chumvi, na rangi isiyo na chumvi ni mgeni wa jioni, haikai kwenye nguo. Chumvi ilitolewa mlimani kila mwezi, lakini njiani ilipita mikononi mwa msimamizi, Bwana Pazi, na ikifika kwake ilipotea. Siwema alimwambia siku ya kwanza kabisa.

"Bwana Pazi, rangi hii haina chumvi. Ikinyeshewa itatoka yote."

"Bi Siwema," alijibu Pazi, "umeletwa hapa kushona au kupika?"

Siwema akarudi kwenye sindano yake. Lakini fundi ana maradhi yake, hawezi kuona kazi mbovu akalala. Kwa miaka kumi na mmoja alitoa chumvi ya jikoni mwake, akaificha kwenye pindo la kanga, akaimimina mapipani Pazi akiwa amepinda kona. Mvua zilikuja, mvua zikaenda, majani ya Janibichi yakabaki kijani. Pazi akapewa nishani ya utunzaji wa mazingira, akaivaa hadi msalani.

Sasa, katika mji huo wote mlikuwa na mti mmoja uliokuwa hai, mzambarau uani kwa Siwema. Alipozaliwa binti yake wa pekee, Mwanahawa, kitovu chake kilizikwa pale na mche ukapandwa juu yake, kama walivyofanya wazee wa pande hizo kabla mji haujapata sifa. Mwanahawa alichukuliwa na surua akiwa na miaka mitatu. Mti ukabaki, na Siwema akaupa kila tone lililopita nyumbani mwake: maji ya kuoshea mchele, maji ya vyombo, maji ya kufulia mashati ambayo mumewe, Sudi, aliyachakaza Harara. Hakuwa na mtoto mwingine. Alimpenda huyu wa mizizi, na alipokuwa peke yake mchana alikwenda akauegemea ule mti, akamwambia mambo ya siku hiyo.

Kosa la mzambarau lilikuwa kwamba uliishi. Uliangusha majani. Yalikuwa mengine ya manjano, mengine yametobolewa na wadudu, na zambarau zilipoiva zilipaka barabara ya Baraza madoa ya zambarau. Pembeni ya miti ya marekani, iliyosimama nadhifu mwaka mzima, ulionekana mchafu, tena mkaidi.

Mwaka huo Wenye Vivuli waliamua kupima viwanja vya Janibichi ya Pili, na ili wageni wa Harara wavutike, wakatangaza Siku ya Kivuli. Kwa mara ya kwanza wananchi wote wangepewa ruhusa ya kubaki mjini mchana wa siku ya kazi. Jukwaa lingejengwa barabarani, mkabala na ua wa Siwema, na kilele cha sherehe kingekuwa kukatwa kwa mti wa mwisho unaochafua mji. Bwana Pazi alikuja na kopo la rangi nyekundu, akauchora mzambarau alama kubwa kifuani.

"Bwana Pazi," Siwema alisema, "chini ya mti huu pana kitovu cha mwanangu."

"Basi ungekizika penye mti msafi," Pazi alisema. "Na kesho uanze majani mapya ya jukwaani. Mtukufu anataka kivuli kizito, tabaka tatu. Wewe ndiye fundi."

Jioni ile Siwema alimngoja mumewe mlangoni. Sudi aliingia, akavua viatu, akakaa mbele ya sahani ya wali.

"Baba Mwanahawa, wanataka kuukata mzambarau."

"Mzambarau upi?"

"Tuna mingapi?"

Sudi alitafuna kidogo, macho yamemlegea. "Mama Mwanahawa, haiwezekani. Huu ni mji wa majani. Hapa mti haukatwi." Akalala palepale kitini, kijiko mkononi.

Siwema hakumkasirikia. Alimtazama tu, mtu aliyetembea miaka kumi na mmoja chini ya nguo akidhani ni miti, kisha akainuka kwenda jikoni, akaushika mfuko wa chumvi, akaupima mkononi. Akaurudisha rafuni. Kesho yake alikwenda kwenye mapipa na pindo tupu, akachovya, akashona tabaka tatu, mshono wake mzuri kuliko wowote aliowahi kuushona. Kama kuonya, alikwisha onya.

Siku ya Kivuli ikawadia, na kwanza ikawa siku ya mshangao. Wananchi walitoka nje saa tano za mchana wakipepesa macho, wakaona rangi za milango yao, wakajuana na majirani ambao walikuwa wakisikia tu vikohozi vyao. Vivuli vya barabarani vilitengwa: tabaka tatu mpya kwa waheshimiwa, tabaka moja ya zamani kwa wageni wa viwanja. Wananchi wenyewe walipangwa uwanjani, juani, na wakaambiwa wapige makofi kwa ajili ya kivuli. Jua lilikuwa kali na angani kulikuwa na wingu moja zito ambalo halikuonekana kwenye ratiba. Juu ya jukwaa, ndani ya majoho ya mahameli, waheshimiwa saba walitoka jasho mpaka viganjani.

Sudi hakukaa uwanjani. Alikuwa amesimama uani kwake, ameuona mti. Aliuzunguka mara mbili, akaigusa ile alama nyekundu, halafu akainua uso kuyatazama majani, akaokota moja la manjano, akalikunja likavunjika. Akaenda barabarani akachungulia kulia na kushoto, akashika tawi lililoning'inia la majani ya zamani. Alirudi amepauka.

"Mama Mwanahawa," alisema taratibu, "ni nguo."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote isipokuwa huu."

Akaukumbatia mzambarau kwa mikono miwili, mtu mzima yule na tai yake ya kazini, akalia bila kujificha. "Umekua," alisema. "Umekua hivi na mimi sipo." Siwema akamwekea mkono mgongoni, naye pia machozi yakamtoka.

Pale jukwaani Mtukufu Kirumbo alikuwa amefika mahali pa hotuba panaposema kwamba kivuli ni utu, na asiye na kivuli chake ajitazame upya. Askari Mdoe aliitwa aje na shoka, akaingia uani, akasimama mbele ya mti akingoja ishara. Mtukufu akainua mkono kuitoa. Tone la kwanza likamwangukia kiganjani.

Mvua ya mchana wa Janibichi haina salamu. Ilimwagika yote kwa mara moja, na majani ya tabaka tatu yakainywa, yakajaa, yakaanza kutema. Rangi ilichuruzika juu ya vipara na vilemba, ikaingia masikioni, ikafuata mikunjo ya shingo. Waheshimiwa walijifuta kwa viganja, nayo rangi ikafika ilikokuwa ikitafuta. Siwema aliyajua haya kwa ufundi wake: rangi isiyo na chumvi haishiki nguo, lakini mtu aliyetoka jasho ana chumvi ya kwake. Juu yao majani yalibaki meupe, yamening'inia kama soksi kambani. Wananchi waliokuwa juani walinyeshewa maji matupu, wakalowa, wakawa safi kuliko walivyokuja.

Waheshimiwa wakatafuta pa kukimbilia, na mahali pekee pasipovuja rangi hapo karibu palikuwa uani kwa Siwema. Walivuka barabara mbiombio, majoho mikononi, wakajazana chini ya mzambarau, Bwana Pazi na nishani yake, aliyekuwa nyuma yao jukwaani, akiwa wa nane. Wananchi na wageni wa Harara wakawafuata, wakasimama kwenye ukingo wa ua.

"Bi Siwema," Mtukufu Kirumbo alisema, akihema, "una kitu cha kuitoa rangi hii?"

"Kuizuia ningeweza, Mtukufu. Kuitoa siwezi."

Mtukufu akamgeukia askari. "Wewe unangoja nini? Kata mti!"

"Nikate, na nyinyi mko chini yake?" Mdoe aliuliza, kwa nia njema kabisa. Kisha akamtazama uso, ambao ulikuwa wa kijani. Akamtazama mkono. Mtukufu akautia mfukoni, na wenzake, kwa umoja ambao Baraza lilikuwa halijawahi kuuonyesha, wakaitia yao.

Hapo ndipo Sudi alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alinyosha viganja vyake mbele, kama alivyovinyosha kila alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, vimelowa, vyeupe. Jirani yake akamwangalia, akanyosha vyake. Halafu mwingine, halafu safu nzima, halafu umati wote, mikono mamia kwa mamia mvuani. Huko stesheni garimoshi, lililokuwa limepewa likizo siku hiyo, lilipiga honi, wala haijulikani mpaka leo ni nani aliyeliwasha.

Mdoe aliikagua mikono ile yote kwa macho, bila haraka. Jani moja la manjano lilidondoka kutoka juu likatua begani kwa Mtukufu Kirumbo, likabaki hapo. Askari akaliegemeza shoka lake kwenye lile benchi jipya, akavuta shati lake likanyooka, akageukia watu wanane waliotia mikono mifukoni.

"Waheshimiwa," alisema, kwa adabu ileile ya kila alfajiri, "foleni inaanzia hapa."