Pai ya Enid

"Leo zamu ya nani, Enid?"

Doreen Pickup aliniuliza hivyo juu ya ukuta wa uani, mikono yake ina povu la sabuni, pua kaielekeza kwenye dirisha langu la jikoni. Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Pai ilikuwa ndani ya oveni, na harufu ya nyama na vitunguu ilikuwa imekwisha kuvuka kwake. Kusema kweli hakuhitaji jibu, maana pai ya kwanza kabisa ilikwenda kwake, kwa mumewe Sidney.

Mume wangu, Clifford Haworth, alianzisha bendi mwaka wa sitini na tatu hapa hapa Bacup, mji wetu mdogo wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, katika chumba cha juu cha baa, yeye na Sidney na wenzao wawili. Wote wanne walikuwa wa kiwanda cha ndara. Walipiga bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani ambao wao waliupata kwa machozi na sisi tuliuazima kwenye sahani za santuri. Jina la bendi nililitoa mimi. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na kinjia kilichomwagwa makaa yaliyokwisha kuungua, na ndiko Clifford alikonishika mkono kwa mara ya kwanza. Nikasema, iteni Njia ya Makaa. Wakaita.

Clifford alikuwa na kinanda cha mdomo ambacho akikipuliza, wanaume wazima walitazama chini wasionekane macho. Angeweza kusimama mbele ya watu elfu mbili. Asichoweza ni kusimama mbele ya mtu mmoja na kumwambia kwamba hahitajiki tena.

Mwaka wa sitini na sita wakubwa wa muziki kule London walisema Sidney, mpiga ngoma wetu, ni mzito, atafutwe mwingine. Clifford akaja jikoni.

"Mpikie Sid pai, Enid. Umpelekee. Umwambie mambo yamebadilika."

"Na wewe ulimi wako umekatwa?"

"Wangu wa kupulizia kinanda. Wewe watu hawakukasirikii."

Nikapika. Nyama, viazi, pilipili manga, ganda la unga nililolikanda kwa mafuta ya nguruwe. Nikaitia katika sahani yangu ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Sidney akafungua mlango na uso wote ukacheka.

"Shemeji! Na pai juu yake! Kuna sherehe gani leo?"

Nilimwambia pale pale kizingitini. Alikuwa ameshaipokea sahani, na sahani ilikuwa ya moto. Doreen akapiga kelele kutoka ndani, "Sid, iweke chini, unaungua!" Hakuiweka. Siku ya nne niliikuta sahani juu ya ukuta, imeoshwa. Sidney alirudi kiwandani kwenye ndara zake, na ngoma zilikaa chini ya ngazi hadi ngozi zikapasuka. Hakuzigusa tena hata siku moja, mpaka tukamzika.

Basi ikawa desturi. Watu kumi na tisa wamepita katika bendi ile. Mmoja alikufa, wengine walijiondokea, lakini kumi na wanne niliwapikia mimi. Mpiga kinanda, waimbaji wawili, wapiga gitaa sijui wangapi. Wakaanza kutaniana kwenye gari, "Vipi, umeshaonja?" na mwingine anajibu, "Mimi sina njaa, bwana." Kule Ujerumani, ambako walipendwa kuliko kwetu, hoteli ikiwaandalia pai hakuna aliyetia uma. Sheria yao ilikuwa moja: ukiipokea mikononi, umekwisha. Trevor wa Birmingham aliponiona nashuka basi na kikapu, aliruka dirisha la nyuma akaenda kujificha kwa dada yake wiki tatu. Alidhani asipoipokea bado yumo. Niliiacha mlangoni ikaota ukungu, na siku aliporudi, mpiga gitaa mpya alikuwa amekwisha kupigwa picha.

Watu walicheka sana kisa kile. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Kila Jumapili nilikaa kanisani kwetu, benchi la tatu, nikamwomba Mungu ampe Clifford ulimi. Miaka yote ile sikuwahi kumwomba anipe mimi miguu ya kukataa.

Barry Tattersall alikuja mwaka wa sabini na nne kupiga gitaa la besi. Kijana wa miaka ishirini, mkimya, anakula na kufuta sahani kwa mkate. Clifford alimwita mwanangu. Wengine walikuja wakaenda, Barry akabaki, na miaka ilivyopita nikaona ndiye anayejibu simu, ndiye anayechagua nyimbo, ndiye anayemwambia Clifford saa ya kuamka. Niliona. Kuona ndiyo kazi niliyoizoea.

Mwaka juzi, wa tisini na tano, mapafu ya Clifford yalianza kumkataa. Vumbi la kiwandani lilikuwa limemsubiri miaka thelathini. Alikaa kitini karibu na dirisha, kinanda cha mdomo mfukoni, akingoja kupona. Jumanne moja ya Septemba, alasiri, Barry akabisha hodi. Mkononi kabeba pai. Ilikuwa bado na karatasi ya duka.

"Shemeji, nimewaletea kitu kidogo."

Clifford akaitazama. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo.

"Ya dukani, Barry? Hata kupikiwa sikustahili?"

"Kaka Cliff, Ujerumani ni mwezi ujao. Na pumzi yako unaiona mwenyewe. Tumempata kijana mmoja wa London..."

"Anapuliza vizuri?"

"Anapuliza."

"Ilete hapa."

Clifford akanyoosha mikono yote miwili akaipokea. Barry alipokwisha kwenda, alikula vijiko viwili, akatafuna taratibu kama mtu anayehesabu.

"Kumbe ndiyo ladha yake," alisema. Halafu akaniuliza, "Sid aliila ile yake?"

"Sijui, Clifford. Hukuwahi kunituma kuuliza."

Hakukitoa tena kile kinanda mfukoni. Novemba tulimzika. Bendi ilikuwa Ujerumani, wakatuma maua yenye jina la Njia ya Makaa, na katika wote watano waliotuma, aliyemfahamu Clifford zaidi ya miaka miwili ni mmoja tu.

Sasa kuna jambo ambalo Barry hakulijua. Mwaka wa sabini na sita Clifford aliogopa kwamba mwimbaji wa wakati ule ataondoka na jina la bendi. Alinipeleka kwa mwanasheria, jina likaandikwa kuwa mali yangu mimi. Yeye akasahau. Mimi niliitia karatasi katika kitabu cha nyimbo za kanisa na sikusahau. Mwaka jana, majira ya kuchipua, Wajerumani wanaowaandalia maonyesho walipotaka maandishi ya mwenye jina, Barry akatafuta, akagundua, akanipigia simu.

"Nakuja Jumatano, shemeji. Ni saini tu, dakika mbili."

Nilikuwa na siku nne za kufikiri. Nikitia saini, jina linaendelea kuzunguka dunia na watu wasiojua kile kinjia kiko wapi. Nisipotia, linakufa, na kila kitu alichofanya Clifford kinabaki kwenye santuri na katika vichwa vya wazee. Jumapili mhubiri wetu, kijana mzuri, alisema msamaha ni mlango ulio wazi. Nilimsikiliza vizuri. Lakini yeye hajasimama mlangoni kwa mtu na sahani ya moto.

Jumatano asubuhi nilitoa unga. Niliposhusha mafuta kutoka kabatini mikono ilikuwa imetulia, nami nikajua nimekwisha kuamua. Saa tano na nusu harufu ikavuka ukuta. Doreen sasa ana miaka sabini na minane, mjane kama mimi, na alikuwa hajaniuliza swali lile tangu zamani.

"Leo zamu ya nani, Enid?"

"Barry."

Nami nikauliza nilichopaswa kukiuliza miaka thelathini iliyopita.

"Doreen, Sidney aliila ile pai?"

"Hakuila. Ilikaa mezani siku tatu, anaitazama tu. Nikawapa kuku." Akaanika taulo, akabana kibanio. "Na yako wewe, shoga, atakuletea nani?"

Akaingia ndani. Nilisimama pale mpaka nikasikia harufu ya ganda likianza kuungua.

Barry alifika saa sita, nywele kazipaka rangi, koti la ngozi. Akaniinamia akanibusu shavu, akatandaza karatasi mezani na kalamu juu yake.

"Hapa chini tu, shemeji. Mbona kunanukia hivi? Umenikumbusha zamani." Alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likakauka, maana nilikuwa nimeshika kitambaa na nafungua oveni.

Niliiweka juu ya karatasi yake. Sahani ile ile, ukingo wa buluu umemomonyoka.

"Usinifanyie hivi," alisema. "Miaka ishirini na miwili, shemeji. Ishirini na miwili! Nani aliyelibeba jina hili wakati Cliff hawezi hata kupanda ngazi? Nani?"

"Wewe."

"Basi?"

"Sidney alibeba mitatu ya mwanzo, wakati hakuna aliyelijua. Clifford thelathini na miwili. Wote walipokea, Barry."

"Hao wenzangu wana watoto."

"Piga nao. Gitaa ni lako, nyimbo zipo. Tafuteni jina jingine, majina ni mengi. Hili nalizika."

"Huku ni kulipiza kisasi. Na wewe mtu wa kanisa!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nitaulizwa. Nitajibu pamoja na zile nyingine kumi na nne."

Alinitazama muda mrefu, akitaka kuona kama nitaangusha macho. Nilitafuta ndani yangu furaha niliyodhani itakuwapo, sikuikuta. Vidole vilinuka kitunguu tu. Nje Doreen alikuwa anaburuta kikapu cha nguo.

Barry alifunga zipu ya koti. Nilidhani ataiacha, kama Trevor. Lakini ameishi katika bendi ile tangu ujana na sheria yake anaijua. Akainama, akaishika sahani kwa mikono mitupu. Niliona vidole vinageuka vyekundu, na nikamnyooshea kitambaa, hakukichukua. Chini yake karatasi ilikuwa imebaki na duara la kahawia, palepale pa saini. Akasukuma mlango kwa bega, akatoka na pai yake.